Nilijiona bingwa wa kuanika nguo ndani ya nyumba, kumbe mama mkwe anavaa mbichi

Wakuu, salamu kutoka Machakos.

Leo sijaleta siasa wala mpira. Nimeleta habari ya nguo. Ndiyo, nguo za kufua, na usianze kucheka kabla hujafika mwisho.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hayakutoka kwa rafiki wa rafiki. Mke wangu ameketi hapa kando anasoma kila mstari, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi atanipokonya simu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi wa friji. Nina kibanda changu hapa mjini na wateja hawakosi, kwa sababu kazi naijua. Nasema hivyo bila aibu.

Tunaishi watu watatu kwenye chumba kimoja: mimi, mke wangu Mwende, na binti yetu Ndanu wa miaka saba. Kitanda kiko upande wa ndani, pazia katikati, na upande wa mlangoni kuna makochi mawili, meza, meko ya gesi na ndoo za maji. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, kidogo tu uguse kuta zote mbili.

Plot yetu ina vyumba kumi na viwili vinavyotazamana. Kamba za kuanika nje ni mbili tu. Mbili, kwa familia kumi na mbili! Na hata ukiwahi nafasi, nguo inaweza kupata miguu. Ovaroli yangu ya kazi ilitoweka hapo ikiwa bado inadondoka maji. Huyo mwizi sijui aliivaa vipi.

Halafu kuna baridi ya mwezi wa saba. Mnaoijua Machakos mnaelewa. Ukungu unashuka kutoka vilimani asubuhi, manyunyu yanaanza na kuacha, jua linachungulia saa nane na kuondoka saa tisa. Sketi ya shule ikifuliwa Jumamosi, Jumatatu bado ni baridi kiunoni.

Kwa hivyo sisi tunaanika ndani. Na hapo, wakuu, nilikuwa najiona profesa.

Wengi wenu mnakosea kuanika ndani. Mnafunga dirisha eti joto lisitoke, mnaweka jiko la makaa chini ya nguo, kisha mnashangaa ukuta unaota kuvu nyeusi na shati linanuka moshi. Jiko ndani ya chumba kilichofungwa linaua watu, hilo liacheni leo leo.

Nguo haikaushwi na joto peke yake. Inakaushwa na hewa inayoondoka. Maji yakitoka kwenye nguo lazima yapate njia ya kwenda, la sivyo yanahamia kwa ukuta, kwa godoro na kwa kifua cha mtoto. Mimi hewa na unyevu ndiyo kazi yangu kila siku.

Basi nikapiga kamba mbili za nailoni kutoka juu ya dirisha mpaka juu ya mlango. Nguo nzito karibu na dirisha. Suruali ndani nje, kiuno kikiwa wazi. Mashati kwenye hanga. Kati ya nguo na nguo, upana wa kiganja. Kabla ya kuanika, unaviringisha nguo ndani ya taulo kavu na kukanyaga. Feni ndogo chini, inatazama juu. Dirisha wazi kidogo, na pengo chini ya mlango usilizibe.

Nguo iliyoanikwa asubuhi jioni imekauka. Hata kukiwa na manyunyu!

Majirani walikuja kuangalia. Mmoja aliniita mhandisi. Nilitembea na hilo jina wiki nzima.

Sasa, mama mkwe.

Mama yake Mwende anatoka Kivaa, upande wa Masinga. Ni mkulima, mjane, mtu wa kanisa, na maneno yake ni machache. Alikuwa anaepua sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kutoka mekoni ikamponyoka, maji ya moto yakamchoma mguu chini ya goti. Akajipaka dawa za nyumbani, akaendelea na kazi za shamba, na kidonda kikaharibika.

Tulipopata habari tulimleta mjini. Hospitalini wakasema kidonda kioshwe na kufungwa kila baada ya siku mbili, kwa muda wa mwezi hivi. Kule kwake hawezi, kwa sababu mahali pa kufungwa kidonda ni mbali na mguu wenyewe ndio huo haukanyagi. Kwa hivyo ilibidi akae kwetu.

Hapa lazima niwaeleze kitu, hasa nyinyi mliohamia mitaa mipya ya Syokimau mkasahau mlikotoka.

Kwetu Wakamba, kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna kitu kinaitwa nthoni. Si woga na si chuki. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Zamani hata njiani mlikuwa mnapishana kwa mbali. Siku hizi tumelegeza, tunasalimiana, tunakula nyumba moja. Lakini kuna mambo hayajalegea. Mavazi ya ndani ya mmoja wenu mwingine hayaoni. Hayatajwi. Ni kama hayapo duniani.

Mimi hayo nayajua. Nimelelewa nayo. Kwa hivyo alipofika nilihama, nikawa nalala kibandani kwangu kwenye godoro la sponji, katikati ya makompresa ya friji. Yeye, Mwende na mtoto wakalala nyuma ya pazia. Mimi naja asubuhi kunywa chai, naja jioni kula, naondoka. Boksa zangu nikawa nafua na kuanika kibandani. Nikajipongeza kwamba mkwe kama mimi hapatikani kirahisi.

Ambacho sikufikiria ni upande wa pili wa jambo lenyewe.

(Kuna mteja mlangoni. Narudi.)

Nimerudi. Tuendelee.

Siku kumi zikapita. Mama akaanza kukohoa. Tukasema ni baridi. Kidonda nacho, badala ya kufunga, kingo zake zikawa nyeupe na laini kama kidole kilichokaa kwenye maji. Mwende alikuwa anarudi kutoka hospitalini uso umemshuka.

Jumanne moja Mwende alikuwa Tala, anauza nguo za mitumba huko siku za soko, anaondoka mapema sana. Kwa hivyo mimi ndiye niliyempeleka mama. Nikakaa kwenye benchi nje, yeye akaingia.

Baada ya muda muuguzi akatoa kichwa mlangoni.

“Nani amekuja na huyu mama wa Kivaa? Ingia.”

Nikaingia. Mama amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa upya, uso unatazama ukuta.

“Wewe ni mtoto wake?”

“Hapana sister, mimi nimeoa kwake.”

“Sawa. Sasa nisikize. Hii bandeji mimi naifunga ikiwa kavu. Ikirudi hapa iko na maji. Na hiyo maji haitoki kwa kidonda, inatoka nje. Nimeshika petikoti yake, iko mbichi. Nguo yote ya ndani iko mbichi. Kwenu hakuna pahali ya kuanika nguo?”

Wakuu, neno hilo lilitamkwa mbele yangu na mbele ya mama mkwe wangu, chumba kimoja, mchana kweupe. Nilitamani sakafu ipasuke. Muuguzi wa watu hakuwa na kosa. Alikuwa anafanya kazi yake, na nadhani si mtu wa kwetu.

Lakini mnajua nilifanya nini? Badala ya kunyamaza nikajitetea!

“Sister, kwangu nguo inakauka siku moja. Niko na system. Niko na kamba mbili, niko na feni...”

Akanitazama.

“Hizo ni zako. Mimi nasema za huyu mama. Hii ngozi ikiendelea kulowa, hiki kidonda hakifungi, na ikifika ndani tutaanza kuongea mambo ya theatre. Unataka mama akatwe mguu?”

Nikatoka nje. Na niliporudi kukaa kwenye benchi kumsubiri, ndipo kitu kikanigonga. Kwa siku kumi nimekunywa chai chini ya zile kamba zangu. Nimeona sare za Ndanu, magauni ya Mwende, mashuka, taulo. Nguo ya mama sijawahi kuiona hata moja, na nilikuwa natazama juu kila siku nikijisifu.

Kamba zangu zinapita juu ya makochi. Hakuna pengine zinapoweza kupita. Ninapokaa kunywa chai, nguo zinaning'inia juu ya kichwa changu. Sasa wewe mwambie mama wa Kivaa, mjane wa kanisa, aning'inize petikoti yake juu ya kichwa cha mkwe. Afadhali avae mbichi. Na ndivyo alivyokuwa akifanya.

Baadaye Mwende alichunguza akakuta kila kitu. Mama alikuwa anafua nguo zake za ndani mwenyewe, hataki kusaidiwa. Anazikamua, anazikunja, anazisukuma chini ya godoro. Akiulizwa anasema, “Zimekauka.” Asubuhi anazivaa. Godoro upande wake lilikuwa limeanza kunuka, na Mwende akadhani ni Ndanu amekojoa. Mtoto wa watu alikuwa amegombezwa bure.

Sasa ngojeni niwaambie ujinga wangu, kwa sababu niliapa kusema ukweli.

Tulirudi nyumbani siku hiyo. Mama akaketi. Mimi, mtu wa suluhisho, mtu wa kusema wazi, mhandisi wa plot, nikasimama mbele yake nikamwambia hivi:

“Mama, usione haya. Wewe anika nguo zako zote hapa kwa kamba, hata hizo za ndani. Mimi sina shida.”

Mimi sina shida! Mnasikia huo upuuzi?

Alivuta leso yake ikafunika kichwa na nusu ya uso, akageukia upande wa pazia. Chai aliyokuwa amemiminiwa ikapoa hapo hapo.

Jioni Mwende alinifuata nje, karibu na mfereji wa kuchotea maji. Macho mekundu.

“Wewe ulimwambia nini mama?”

Nikamwambia.

“Ai, Baba Ndanu! Wewe kweli? Mama amesema anaenda Jumamosi. Amefunga kiondo. Anasema hawezi kaa nyumba yenye amekuwa uchi.”

Hilo neno lilinichoma. Sikuwa nimemwona hata kisigino, lakini nilimwelewa kabisa. Nilikuwa nimezitaja nguo zake za ndani. Zamani kwa kosa la namna hiyo ningepeleka mbuzi kabla sijaruhusiwa kumsalimia tena.

Na akienda Kivaa Jumamosi, mguu hautafungwa. Tulijua hivyo sote, na yeye alijua. Alikuwa tayari kuupoteza mguu kuliko kubaki hapo. Mwende alilia pale mferejini, na mimi nikashikwa na hofu ambayo haijawahi kunishika mbele ya friji yoyote.

Asubuhi yake nilienda kwa Mama Kanini. Huyu ni jirani wa chumba kinachotutazama, naye ni mama wa rika la mama mkwe, mama wa kanisa pia, na alikuwa amezoeana naye. Nilisimama nje ya mlango, nikamweleza nikitazama viatu vyangu.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akakasirika.

“Wewe ulimwambia mama mkwe wako aanike? Kwa hiyo mdomo yako? Hukuona wanawake hii plot? Mimi siko hapa?”

“Nilikosea, mama.”

“Ulikosea sana. Sasa sikia. Hiyo kamba yako ata ukitoka uende Mombasa ukae huko, yeye hawezi anika. Anajua utarudi. Ukitaka aanike, iwe pahali iko na mlango, na mlango ifungwe, na wewe usijue ndani iko nini.”

“Kwako hawezi kuanika?”

“Kwangu wanangu wanaume wanakuja kila saa, hao ni kama wewe tu. Nimesema mlango. Wewe si fundi? Tengeneza mlango.”

Alisema hivyo akarudi kuchambua maharagwe yake. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu kibandani kwangu milango ilikuwa mingi. Nina friji nne zilizokufa zimepangwa ukutani, na friji ni nini kama si kabati yenye mlango unaofunga vizuri kuliko mlango wa nyumba?

Nilifunga kazi za wateja zote. Aliyepiga simu nilimwambia nina dharura ya familia, na haikuwa uongo.

Nilichagua ile ndefu, nyeupe, mpira wa mlango ukiwa mzima. Gesi ilikuwa imetolewa zamani. Nikang'oa kompresa na mabomba, nikatoa rafu zote, nikafunga vyuma vitatu vya kuning'inizia. Nikatoboa matundu chini ubavuni na mengine juu nyuma, hewa iingie chini itokee juu. Kwenye tundu la juu nikaweka kifeni kutoka kwa kompyuta mbovu, kinavuta hewa nje. Chini nikaweka balbu ya zamani, ile inayochemka na si hizi za kisasa za baridi, nikaizungushia wavu wa chuma ili nguo isiiguse hata ikianguka. Nyaya nikazifunga vizuri, na waya wa ardhi, ule wa kuzuia shoti, nikauunganisha kwa bodi ya chuma ya friji. Kwenye mlango nikafunga komeo na kufuli dogo.

Nikaloweka fulana yangu nzito ya baridi, nikaikamua, nikaiweka ndani, nikafunga. Nilipomaliza kusafisha kibanda na kula mchana, fulana ilikuwa imekauka na ina joto kama imetoka kupigwa pasi.

Niliirusha juu nikaidaka. Nilikuwa peke yangu, hakuna aliyeniona.

(Wale mtakaoomba vipimo, subirini. Na kama si fundi, msicheze na stima. Tafuteni fundi.)

Alhamisi mchana mimi na mwenye mkokoteni tukaipeleka nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu juu ya stuli, kiondo chake, kikapu cha kusuka, kimefungwa kiko miguuni. Tukaipitisha friji mbele yake, tukaisimamisha nyuma ya pazia, kwenye pembe ya kitanda.

Sasa nikasema nini? Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nikatazama kalenda ukutani nikasema:

“Mama, nimeleta friji. Haigandishi. Ni ya huko ndani. Kazi yake mimi sijui.”

Ufunguo nikampa Mwende. Nikatoka haraka. Mlangoni nilipishana na Mama Kanini akiingia, amejifunga leso kiunoni kama mtu anayeenda kazini. Yeye ndiye aliyebaki kueleza.

Mchana huo ulikuwa mrefu. Nilifungua friji ya mteja mmoja nikaifunga bila kuigusa. Nikawaza, mama akikataa je? Akiona ni dharau nyingine? Nimemletea mama wa watu friji mbovu aweke nguo zake, ukisema hivyo kwa sauti ni kama tusi.

Jioni nikaenda kula. Mama alikuwa pale pale. Tukasalimiana bila kutazamana. Mwende akaleta ugali na mboga. Hakuna aliyesema neno kuhusu friji. Hata Ndanu, ambaye hanyamazi, alikuwa ameonywa.

Halafu katikati ya ukimya, nikasikia. Nyuma ya pazia, polepole, kifeni kinanguruma.

Nilikula ugali ule kama nimeshinda uchaguzi.

Jumamosi ikafika. Nilikuja kunywa chai nikiwa nimejiandaa kumsindikiza stendi. Kiondo hakikuwa sakafuni. Kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, kimelegea, hakina kitu. Mama akaniambia, “Kunywa chai, itapoa.” Ni maneno matatu, na hajawahi kuniambia maneno matamu kuliko hayo.

Lakini bado kulikuwa na mtihani mmoja, na huu ndio niliotaka mfikie.

Jumapili alasiri rafiki yangu Kioko alitutembelea. Kioko ni fundi mwenzangu, anatengeneza redio na simu, na mdomo wake hauna breki. Tulikuwa tumeketi wote, mama akiwa nyuma ya pazia amepumzika. Kioko akasikia mngurumo.

“Weh! Mmenunua friji? Na mimi niko na kiu hivi!”

Akainuka. Kioko kwangu ni kama ndugu, hajawahi kuomba ruhusa. Alikuwa amekwisha kusogeza pazia kwa sababu kutoka kochini mpaka kitandani ni hatua mbili. Mama aliketi ghafla kitandani. Mkono wa Kioko ulikuwa unaelekea mlango wa friji, na kufuli, nikaona, lilikuwa limening'inia wazi.

Niliruka juu ya meza. Kikombe kikaanguka kikavunjika. Nikajibandika kwa mgongo kwenye ule mlango, mikono nimetandaza.

“Imeharibika!” nikasema.

“Si inanguruma?”

“Inanguruma tu. Haigandishi. Imenishinda.”

Kioko akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

“Imekushinda? Wewe? Fundi wa friji, friji yako mwenyewe imekushinda?”

“Imenishinda kabisa.”

Wakuu, mnajua jinsi ninavyoipenda kazi yangu. Hiyo sentensi ilinitoka kama jino. Na Kioko hakuiacha. Alicheka mpaka machozi. Kufikia Jumatatu mchana mji mzima ulikuwa unajua. Nikipita sokoni watu wananiita, “Fundi, ile yako imepona?” Mteja mmoja alikuja kuchukua friji yake kabla sijaigusa, akasema atajaribu kwingine.

Ningeweza kumaliza mzaha huo kwa neno moja. Sikulisema. Nilikuwa nimeshalisema neno moja la ziada mwezi huo.

Siku chache baadaye Mwende alitoka hospitalini akikimbia, akanipigia kutoka getini. Bandeji ilirudi kavu. Zile kingo nyeupe zilianza kuwa na rangi ya ngozi. Kikohozi nacho kikapungua. Muuguzi akauliza nyumbani tumefanya nini, Mwende akamjibu, “Tuliongeza mlango.” Muuguzi hakuelewa, akaandika tu.

Kidonda kilifunga kabla hata ya mwisho wa mwezi wa nane.

Siku mama aliyoondoka alitembea mwenyewe mpaka barabarani, bila fimbo, kiondo mgongoni, kamba yake kwenye kipaji cha uso. Mimi nilibaki nyuma hatua kadhaa, nimebeba mfuko wa unga, na Mwende akawa katikati yetu. Nilikuwa natazama ule mguu ukikanyaga. Kulia, kushoto, kulia. Nikajifanya natazama mawingu.

Tulipofika alisimama. Hakunigeukia. Aliongea na binti yake, lakini kwa sauti ya kutosha mtu wa tatu asikie.

“Mama Ndanu, mwambie bwanako. Hawa watu wa soko wakisema yeye hajui friji, mimi najua anajua.”

Mwende akanigeukia, akarudia neno kwa neno, kana kwamba mimi niko mbali kule Kitui.

Nikamjibu Mwende, “Mwambie mama nimeshukuru.”

Akamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, akapanda gari.

Hiyo ndiyo habari yangu, wakuu. Nilichojifunza ni kwamba mimi nilijua unyevu unatoka vipi kwenye nguo, lakini nilikuwa napima kazi yangu kwa nguo ninazoziona. Ukiwa na nyumba ndogo, nguo zinazokauka vizuri zinaweza kukufichia zile ambazo hazikuletwa kwenye kamba kabisa. Na kuna shida ndani ya nyumba ambayo ukiitaja kwa mdomo unaiongeza, hata kama una nia nzuri. Iundie mlango, utoke nje.

Friji bado ipo. Mwende anaitumia na mimi tangu nilipoileta sijaifungua. Kioko bado ananicheka, na kama anasoma hapa basi leo amejua, na anyamaze.

Sasa zamu yenu. Mnaoanika ndani, jioni ya leo inueni macho mtazame kamba zenu, kisha mniambie hapa chini: ni mtu gani wa nyumba yako ambaye nguo zake hujawahi kuziona zikikauka?